Nyumba ya Wadudu Wema

Msomaji, vitabu vya historia vimejaa majina ya wafalme, majemadari na mabaharia. Ni nadra kuukuta ukurasa uliotengwa kwa ajili ya nyigu, chungu au nyuki. Hata hivyo, ukifika Kegonga, katika nchi ya Wakuria iliyo karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, utawaona wakulima wa mahindi, wimbi, maharagwe, ndizi na viazi vitamu ambao mavuno yao hutegemea kila mwaka vita vinavyopiganwa na majeshi yasiyo na ngoma wala bendera. Upande mmoja wako wadudu walao mazao. Upande wa pili wako wadudu walao wadudu hao, pamoja na wale wachukuao chavua kutoka ua hadi ua. Insha hii ni historia fupi ya jinsi binadamu alivyowatambua rafiki zake katika vita hivyo, na jinsi alivyojifunza, kwa taabu na kwa hasara, kuwajengea nyumba.

Neno nyumba lisikushangaze. Katika bustani nyingi za Ulaya hutundikwa kijumba cha mbao, kisicho kikubwa kuliko sanduku la vitabu, kilichojazwa vipande vya mianzi, matete makavu na magogo yaliyotobolewa matundu. Nyuki wasioishi kwa makundi huingia humo na kutaga mayai. Nyigu wawindaji hufanya vivyo hivyo. Na wadudu wengine hujificha humo wakati wa baridi, mvua au jua kali. Mtu aonaye kijumba hicho kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi nyingi na kazi chache. Lakini wazo lililomo ni la kale sana, na sehemu kubwa ya historia yake imepita katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Nyumba ya wadudu tunayoijua zaidi katika nchi hizi ni mzinga. Mzee aliyechukua gogo, akalichimba likawa wazi ndani, akaziba ncha zake na kulitundika juu ya mti, alikuwa amefahamu jambo ambalo wataalamu wengi walichelewa kulifahamu: kwamba mdudu hafuati amri ya mtu, hufuata makao. Mzee huyo hakumfunga nyuki kamba wala hakumwekea mlinzi. Alimtengenezea mahali pakavu, penye giza, palipo mbali na siafu na moto, kisha akangoja. Methali yetu yasema, Fuata nyuki ule asali. Mwenye mzinga alikwenda hatua moja mbele, akamfanya nyuki amfuate yeye. Faida aliyoikusudia ilikuwa asali na nta. Faida asiyoihesabu ilikuwa kubwa vilevile, kwa maana nyuki waliokaa mzingani mwake walizuru maua ya maboga na maharagwe ya jirani zake wote bila kuuliza mipaka ya mashamba.

Mbali sana na hapa, katika nchi ya Uchina, watu walivumbua nyumba ya namna nyingine. Kitabu kinachonasibishwa kwa mwanachuoni Ji Han, kihesabiwacho kuwa cha mwaka 304 hivi, chaeleza mimea ya majimbo ya kusini. Humo imeandikwa kuwa watu waliuza sokoni chungu pamoja na viota vyao, vimetiwa katika mifuko iliyosukwa. Wenye michungwa waliwanunua na kuvitundika viota hivyo mitini, kwa sababu mti usiokuwa na chungu hao ulizaa matunda yaliyoharibiwa na wadudu. Katika zama za baadaye wakulima waliunganisha mti na mti kwa vijiti vya mianzi ili chungu wapite juu yake kama watu wapitavyo darajani. Fikiri, msomaji: zaidi ya miaka 1,700 iliyopita mtu alitoka nyumbani kwake na fedha mkononi, akaenda sokoni kununua chungu.

Chungu wa ukoo huo huo wanaishi katika pwani yetu. Ndio wale waitwao maji moto, wekundu-wekundu, wepesi wa hasira, washonao majani mabichi ya mti kwa hariri ya mabuu yao hata yakawa kiota mfano wa mfuko. Mtu aliyewahi kuumwa nao hahitaji kuelezwa maana ya jina lao. Wakwezi wa minazi hawawapendi, na si ajabu. Lakini kwa miaka mingi wenye minazi wa Unguja na pwani ya bara waliona vidaka vikipukutika kabla ya kuwa vitale, na nazi chache zilizosalia zikiwa na makovu. Mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, aliyefanya uchunguzi wake Unguja, alitangaza mwaka 1951 kuwa mwenye kosa ni mdudu mdogo afyonzaye utomvu, na kuwa minazi iliyokaliwa na maji moto ilikingwa na balaa hilo. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu lenye kumbukumbu ya mchunguzi mwenyewe, Pseudotheraptus wayi.

Uchunguzi wa Unguja ulifunua jambo jingine lenye mafunzo. Si kila chungu alikuwa mlinzi. Wako chungu wengine wadogo wa kahawia, Pheidole megacephala, wakaao ardhini na penye mashina ya miti. Hao huwafukuza maji moto, na wakiisha kuwafukuza hawashiki zamu yao ya ulinzi. Basi swali la mwenye shamba halikuwa, Je, nina chungu? Lilikuwa, Nina chungu gani? Tangu miaka ya 1980 wataalamu nchini Tanzania waliendeleza kazi hiyo katika minazi, na baadaye katika mikorosho na miembe. Waliona kuwa maji moto husitawi katika shamba lenye miti mchanganyiko, kama michungwa na miembe, ambayo majani yake yanafaa kushonwa viota, kuliko katika shamba la minazi mitupu. Hivyo ndivyo mkulima alivyojifunza kuwa nyumba ya rafiki yake haikuwa kiota peke yake. Ilikuwa shamba zima.

Sasa tuache pwani, twende bara, katika mashamba ya kahawa. Mnamo mwaka 1923, katika sehemu za Thika nchini Kenya, walionekana vidudu vyeupe vilivyovikwa unga, vikifyonza mibuni kwa wingi usiokuwa na mfano. Vidudu hivyo hutoa maji matamu, na chungu wadogo wa kahawia, wa jamii ile ile ya maadui wa maji moto, huyanywa maji hayo na kuwalinda wenye kuyatoa. Wakulima walijitahidi kupaka dawa ya kunata katika mashina ili kuwazuia chungu wasipande. Wataalamu nao walidhani kuwa vidudu hivyo ni vya aina ijulikanayo katika nchi za Asia, wakaagiza kutoka huko wadudu wa kuviangamiza. Wageni hao waliletwa kwa gharama, wakaachwa mashambani, wala hawakufaa kitu.

Miaka ilipita, mali ikapotea, mpaka ulipofanywa uchunguzi mpya wa umbo la mdudu mwenyewe. Mwaka 1935 Mwingereza R. H. Le Pelley alieleza kuwa mdudu huyo alikuwa wa aina yake mbali, isiyowahi kuandikwa, akampa jina la nchi ya Kenya. Kisha ikajulikana kuwa mdudu yule yule yuko Uganda, ambako hakuwa balaa kwa mtu yeyote, kwa sababu huko alikuwa na maadui wa kumpunguza. Mwaka 1938 nyigu wadogo, wasiozidi kichwa cha pini, waliletwa kutoka Uganda na kuachwa katika mibuni ya Kenya. Nyigu jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidudu cheupe. Buu litokalo katika yai hilo hukila kidudu kutoka ndani, na badala ya mharibifu mmoja huzaliwa mlinzi mmoja. Katika miaka iliyofuata balaa lile lilitulizwa. Dawa iliyotafutwa ng'ambo ya bahari ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, na kilichoichelewesha ni kosa la jina. Kijana aonaye somo la kutambua aina za viumbe kuwa gumu na lisilo na maana na aukumbuke mkasa huu.

Lakini binadamu ni mwepesi wa kusahau. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilienea dawa mpya za kuulia wadudu, ya kwanza katika sifa ikiwa DDT. Paul Müller, Mswisi aliyegundua nguvu yake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na kwa kweli dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi kwa kuua chawa na mbu. Shambani mambo yalikwenda vingine. Katika kahawa ya Kenya, miaka ya 1950 na 1960, dawa kali zilipopuliziwa, wadudu ambao hapo kwanza walikuwa wachache waliongezeka kwa ghafula na kuwa maadui wapya. Sababu yake yafahamika ukiitafakari. Dawa huwaua wote, walao mazao na walao wadudu. Lakini mla mazao huzaa upesi, na chakula chake kimesimama mbele yake. Mla wadudu hana budi kuzunguka shamba zima akitafuta mawindo, na kila apitapo hukanyaga sumu. Adui hurudi kwanza, akalikuta shamba halina mlinzi. Mwaka 1962 mwandishi Mmarekani, Rachel Carson, aliionya dunia juu ya hatari hiyo katika kitabu chake kiitwacho Silent Spring. Kenya ilikataza matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1986.

Wakati huo Mwafrika mwenyewe alikuwa ameshika kalamu ya elimu hii. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2003, alisoma Makerere na Cambridge, akarudi nyumbani akiwa na imani kuwa matatizo ya wadudu wa Afrika yachunguzwe Afrika, na Waafrika wawemo katika uchunguzi huo. Mwaka 1970 aliasisi mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kijulikanacho kwa jina la icipe. Kituo hicho kilijenga tawi lake kubwa la mashambani huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mkabala na kisiwa cha Rusinga, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Tawi hilo sasa linaitwa kwa jina la Odhiambo. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa unaishi Kegonga, au Migori, au Homa Bay, moja ya shule kuu za dunia za kuchunguza wadudu iko upande wako wa ziwa.

Zama hizo hizo Afrika ilipata msiba mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidudu cheupe cha muhogo, chenye asili ya Amerika ya Kusini, kiliingia katika nchi za Kongo bila ya maadui zake, kikasambaa nchi baada ya nchi. Muhogo ni chakula cha mamilioni, na majani yake ni mboga. Palipoingia kidudu hicho njaa ilibisha hodi. Wachunguzi walikitafuta kidudu hicho katika nchi za asili yake mpaka wakakipata Paraguay mwaka 1981, na pamoja nacho nyigu mdogo akiuaye. Nyigu huyo alipitishwa London ili apimwe kwamba hatakuwa na madhara, na mwaka huo huo akaachwa katika mashamba ya Nigeria. Kutoka hapo alienea, kwa mbawa zake na kwa mikono ya watu, katika nchi nyingi za bara letu, na muhogo ukapona. Kiongozi wa kazi hiyo, Mswisi Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, naye alikuwa amekwisha kushika uongozi wa icipe tangu mwaka 1994, akimfuata Odhiambo.

Huko Mbita lilizuka wazo lililo karibu zaidi na habari yetu ya kuwaalika wadudu. Mahindi ya Afrika Mashariki yana maadui wawili wa zamani. Wa kwanza ni viwavi watoboao mabua. Wa pili ni gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo, lenye maua mazuri ya zambarau na tabia mbaya ya kunyonya mizizi ya mahindi. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, pamoja na wachunguzi wa Rothamsted nchini Uingereza, waligundua kuwa mimea husema kwa harufu, na wadudu husikiliza. Majani ya Napier yaliyopandwa pembezoni mwa shamba huwavuta nondo watagao mayai ya viwavi hao. Viwavi wakianguliwa humo, wengi hufa, kwa kuwa majani hayo hutoa ulimbo unaowanasa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ukipandwa baina ya mistari ya mahindi huwafukuza nondo kwa harufu yake, na mizizi yake hulizuia gugu la kiduha lisishike mahindi. Mwaka 1997 wachunguzi hao walieleza katika jarida la Nature kuwa nyasi fulani, zikipandwa kati ya mahindi, huwafukuza nondo na wakati huo huo huwaita nyigu wawindao viwavi. Mkulima alipewa njia ya kumtuma mmea kupeleka mwaliko. Wakulima waliiita njia hiyo kwa maneno mepesi, vuta-sukuma, nayo ilienea kutoka kando ya ziwa hadi sehemu nyingine za nchi. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipotangazwa Afrika mwaka 2016 na kuonekana Kenya mwaka 2017, ilikutwa kuwa mashamba ya vuta-sukuma yaliumia kidogo kuliko mengine.

Haifai kuisimulia historia hii kana kwamba kila mdudu mwema alileta ushindi kamili. Ziwa lenyewe ni shahidi. Magugu maji, yaliyotoka Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunga bandari na kuwazuia wavuvi wa Homa Bay wasifike majini. Fukusi walao magugu hayo waliachwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1995 na upande wa Kenya mwaka 1997, na katika miaka michache magugu yalipungua sana. Lakini hayakwisha. Maji ya ziwa yaliendelea kupokea uchafu wa miji na mbolea ya mashamba, chakula cha magugu, nayo yakarudi mara kwa mara. Fukusi alifanya kazi yake. Binadamu hakufanya yake. Mdudu rafiki si mtumwa wa kubebeshwa makosa yetu yote.

Sasa, msomaji, turudi katika kijumba cha mianzi. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyeishi kutoka mwaka 1823 hadi 1915, alitumia miaka mingi ya uzee wake katika uwanja wa nyumba yake akiwachungulia nyigu na nyuki wapweke, na aliwawekea matete ili waingie kujenga mbele ya macho yake. Huko Japani, tangu miaka ya 1940, wakulima wa matofaa walitundika mafungu ya matete katika bustani zao ili nyuki wapweke wakae humo na kuchavusha maua. Mwaka 1967 Mmarekani Karl Krombein alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha ya nyigu na nyuki aliowapata kwa njia ya vipande vya mbao vilivyotobolewa matundu. Kijumba cha bustani ni mtoto wa kazi hizo. Kilianza kuwa darubini ya mchunguzi, kisha kikawa chombo cha mkulima.

Kwa nini kijana wa Kegonga akihitaji? Zamani nyumba hizi zilijengwa bila mjenzi. Mti mkavu uliosimama shambani ulikuwa na matundu ya nyuki. Ukuta wa udongo ulikuwa na vitundu vya nyigu. Ua wa miti na kichaka cha mpakani vilikuwa na vijiti vyenye uwazi ndani. Leo mti mkavu hukatwa kuwa kuni. Katika nchi ya Wakuria tumbaku imelimwa kwa biashara kwa miaka mingi, na kuikausha kwa moto kumekula miti mingi. Ukuta wa udongo umekuwa wa matofali na saruji, na kichaka cha mpakani kimelimwa. Hakuna anayelaumiwa kwa kutaka nyumba imara na shamba kubwa zaidi. Lakini ni haki tutambue kuwa tulipojenga nyumba zetu tulibomoa zao, na kwamba aliyehama hawezi kutulindia shamba.

Kukijenga kijumba si kazi ya fundi bingwa. Twaa matete au mianzi mikavu yenye uwazi wa ndani wa upana mbalimbali, kutoka milimita 3 hadi 10. Ikate vipande vya urefu wa sentimita 15 hivi, kila kimoja kikiwa na kifundo kinachoziba upande wa nyuma, na mdomo uwe laini usiopasua mbawa. Ifunge mafungu, uiweke ndani ya sanduku la mbao au mkebe mkubwa wenye paa linalotokeza mbele ili mvua isiingie. Kipande cha gogo kigumu kilichotobolewa kwa keekee kitafaa vilevile. Kiweke kijumba juu ya nguzo, mita moja na zaidi kutoka chini, mlango ukielekea mashariki, kwa sababu mdudu hana joto lake mwenyewe, na jua la asubuhi ndilo limwamshalo kazini. Kisining'inie na kuyumba. Paka grisi katika nguzo kuwazuia siafu. Chungu cha kupikia kilichopasuka, kikijazwa nyasi kavu na kupinduliwa juu ya mti mfupi, kitakuwa makao ya wale wadudu wenye koleo mkiani, ambao hula mayai ya viwavi na vidukari usiku.

Baada ya majuma machache utaona matundu mengine yamezibwa. Lililozibwa kwa udongo limekaliwa na nyigu mfinyanzi au nyuki mwashi. Nyigu huyo huwinda viwavi, huwachoma wakapooza, huwapanga ndani ya tundu na kutaga yai karibu nao; kila tundu lililojaa ni viwavi kadhaa walioondolewa bustanini. Tundu lililozibwa kwa vipande vya majani ni la nyuki mkata-majani. Ukiona basi jani la mwaridi limekatwa duara safi kama kwa mkasi, usikimbilie bomba la dawa. Umekatiwa pazia la nyumba ya rafiki. Nyuki hawa wapweke hawana asali ya kulinda wala malkia wa kumpigania, na ni nadra sana kumuuma mtu asiyewashika.

Hapa yafaa niseme wazi mipaka ya kijumba chenyewe. Nyigu waliookoa kahawa na muhogo hawakai katika matete. Nyumba yao ni mwili wa mdudu wanayemwinda, na chakula chao wakiwa wakubwa ni utamu wa maua. Vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, walao vidukari, hutaga mayai yao katika majani penye mawindo. Kwa hiyo kijumba kisichozungukwa na maua ni nyumba isiyo na jiko. Acha dania na karoti chache zitoe maua. Panda alizeti, mbaazi na kunde pembezoni. Acha sehemu ndogo ya udongo wenye unyevu kwa ajili ya wafinyanzi, na ukanda wa nyasi usiolimwa. Matete yabadilishe kila baada ya msimu mmoja au miwili, wenyeji wakiisha kutoka, kwa maana nyumba chafu huzaa vimelea na kuwaua wale uliowaalika. Na juu ya yote, ushike mkono wako katika dawa. Mtu apuliziaye sumu kila juma kisha akatundika kijumba mlangoni anawaita wageni kwenye karamu yenye chakula kibaya. Ikiwa hapana budi kutumia dawa, itumike mahali palipougua, jioni, nyuki wakiisha kurudi, na maua yasiguswe.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na mgeni wa miguu miwili akilini, lakini maneno yao yafaa hapa. Mchina wa kale aliyenunua chungu, mzee aliyetundika mzinga, wachunguzi wa Unguja na Thika, na wale wa Mbita, wote walifika katika fahamu moja kwa njia mbalimbali: mtambue kwa jina mdudu uliye naye, ujue anakula nini na anakaa wapi, kisha umwachie nafasi. Waliokosa hatua ya kwanza walileta wageni wasiofaa kutoka ng'ambo. Waliokosa hatua ya mwisho waliwaua walinzi wao kwa mikono yao wenyewe.

Wewe, msomaji, una daftari na kalamu. Jenga kijumba kimoja nyumbani au katika shamba la shule. Andika tarehe uliyokiweka, hesabu kila mwezi matundu yaliyozibwa, tofautisha ya udongo na ya majani, na uandike pia maua yaliyokuwa wazi na viwavi uliowaona katika mahindi na sukuma wiki. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kurasa za historia ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote, yaani historia ya bustani yenu, na mama yako au mwalimu wako ataweza kuamua kwa kuitazama kama msimu ujao kuna haja ya kununua chupa ya dawa.